Mama Alikuwa Anameza Dawa ya Presha Siku za Kuumwa Kisogo

Katika kabati la mama yangu, nyumbani Tanga, kulikuwa na kopo la biskuti ambalo miaka yote tulijua ni la nyuzi na vifungo. Siku tulipolifungua, tukitafuta kadi yake ya bima, tulikuta dawa. Pakiti zimefungwa kwa mipira, nyingine maandishi yameshaanza kuchubuka, zote za presha. Nilikaa sakafuni nikavihesabu vidonge kimoja kimoja: 214. Wakati huo mama alikuwa wodini kwa kiharusi, siku ya pili, mdomo umeshanyooka lakini mkono wa kulia bado mzito, akimwuliza kila nesi anayepita kama kuna mtu nyumbani amewapa kuku maji.

Imenichukua muda mrefu kuandika haya. Mama ameniruhusu kwa sharti moja. Alisema, "Andika, lakini usiniandike kama mtu mjinga. Kila nililofanya lilikuwa na sababu yake." Na ni kweli. Nimeyapitia yote tena na tena, na sikuona uzembe hata mmoja. Nimeona ubahili wa mtu aliyewahi kukosa, nimeona adabu, nimeona huruma kwa majirani. Ndiyo maana yalituponyoka sisi wanawe wote wanne.

Nilipomuuliza kuhusu kopo hakuona aibu. "Mwanangu, mimi dawa nameza. Nameza siku kisogo kikiniuma, au nikisikia moyo unakwenda mbio. Siku ambayo sisikii kitu, nimeze ya nini? Si bora niiweke, ili dirishani zikiisha nisihangaike?" Aliyewahi kupanga foleni kwenye dirisha la dawa la hospitali akaambiwa "hii hakuna, kanunue nje" anajua kwamba maneno hayo hayakutoka hewani. Mama alitulea kwa mshahara wa mwalimu wa shule ya msingi. Kitu kilichopo leo ambacho kesho kinaweza kukosekana, unakiweka akiba. Alifanya hivyo kwa mchele, kwa mafuta ya taa, kwa sabuni za mche. Akafanya hivyo na kwa dawa.

Lakini presha haijitangazi. Hilo ndilo jambo ambalo, nikiwa na dakika moja tu ya kuzungumza na mtu aliyeanzishiwa dawa leo, ningelisema na kulirudia. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2024 watu wapatao bilioni 1.4, wenye umri wa kati ya miaka 30 na 79, walikuwa na presha ya kupanda, na karibu nusu yao hawajui. Hawajui kwa sababu hawasikii kitu. Mtu anaweza kutembea na presha ya 170 kwa 100, iliyo juu sana, akapika, akaimba harusini, akalala usingizi mzuri, huku mishipa midogo ya ubongo, ya macho na ya figo inagongwa kila moyo unapopiga. Kisogo kinauma kwa mambo mengi: kukosa usingizi, mto mbaya, ndoo ya maji kichwani. Na kikiuma kwa presha kweli, mara nyingi mambo yameshafika mbali.

Halafu kuna namna dawa yenyewe inavyofanya kazi. Mama alikuwa anatumia amlodipini, kidonge kimoja kwa siku. Dawa hii haikimbilii maumivu kama panadoli. Inaingia polepole na kutoka polepole; nusu yake inabaki mwilini zaidi ya siku nzima, na inahitaji kama wiki moja ya kumeza kila siku ndipo kiwango chake katika damu kitulie. Kwa hiyo kidonge kimoja cha Jumanne ya kisogo kuuma, kisha siku tano bila kitu, ni sawa na kuwasha jiko, maji yakianza kupata moto ukalizima. Kisogo kilikuwa kinapona chenyewe, kama ambavyo kingepona hata asingemeza kitu. Sifa ikaenda kwa kidonge, na zoea likapata ushahidi wake.

Kuna habari moja niliisoma wakati mama akiwa wodini, na haijaniacha. Franklin Roosevelt, rais wa Marekani wakati wa Vita Kuu ya Pili, alipimwa Machi 1944 akakutwa na 186 kwa 108. Alikuwa mtu mwenye mamlaka kuliko karibu wote duniani, ana madaktari wake, ana kila kinachonunulika. Hakukuwa na dawa ya maana ya kumpa. Walimpunguzia chumvi, wakampunguzia kazi, wakamwambia apumzike. Tarehe 12 Aprili 1945 alisema anasikia maumivu makali sana nyuma ya kichwa, akapoteza fahamu, na kabla ya jioni alikuwa amefariki. Kisogo, yaani. Kisogo kilipokuja kusema, kilisema mara moja tu. Vidonge vya kwanza vya kupunguza maji mwilini ambavyo mtu wa kawaida angeweza kuvimeza kila siku kwa ajili ya presha vilianza kuuzwa mwaka 1958. Nilipomsimulia mama habari hii alinyamaza kwa muda, kisha akasema, "Na mimi nilikuwa nazo koponi."

Zoea lake la pili lilikuwa la adabu. Daktari wa kliniki ni kijana mpole, na mama hakutaka kumvunja moyo. Kwa hiyo wiki moja kabla ya tarehe ya kliniki alianza kumeza kila siku bila kuruka, chakula bila chumvi, kulala mapema. Akifika, mashine inaonyesha 136 kwa 82. Daktari anafurahi, anaandika "aendelee na dawa", mama anarudi nyumbani amejaa baraka. Daftari lake la kliniki ni zuri kweli. Nimelipitia ukurasa kwa ukurasa: miaka mitatu ya namba nzuri, kila moja ikiwa picha ya wiki moja katika wiki kumi na mbili. Daktari hakudanganywa kwa neno hata moja, lakini alikuwa anamtibu mtu ambaye nje ya wiki ile hakuwepo.

Kinyume chake kipo pia, na nimekikuta kwa wengi nilipokuwa nampeleka kliniki baada ya kuumwa. Ukikaa kwenye mabenchi yale saa moja asubuhi utasikia: "Mimi leo sijameza, nakuja kupimwa." Wamechanganya na kipimo cha sukari, ambacho kweli unaweza kuambiwa uje hujala. Presha si hivyo. Usipoambiwa vinginevyo, siku ya kliniki meza dawa yako kama kawaida, kwa sababu kinachotafutwa ni kujua kama dawa inakutosha. Ukija hujameza, umetoka mbio kuwahi daladala, umekaa foleni na wasiwasi, mashine itaonyesha 165, na daktari mwenye wagonjwa sitini nje ya mlango anaweza kukuongezea dozi ambayo hukuihitaji. Kisha unarudi nyumbani, unameza hiyo dozi mpya yote, na kesho yake unadondoka bafuni.

Sasa goti. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu naamini hapa ndipo watu wengi wanaumia bila kujua, na kwa sababu hapa kosa lilikuwa langu.

Mama ana goti la kulia linalomsumbua tangu alipostaafu. Mimi ndiye niliyekuwa namtumia dawa za maumivu kutoka Dar es Salaam, kwa basi, kwenye bahasha. Diklofenaki. Nilizinunua bila cheti na hakuna aliyeniuliza ni za nani. Alizimeza mbili kwa siku, wakati mwingine tatu, kwa miezi. Dawa za kundi hilo, diklofenaki na ibuprofeni na ndugu zao, zinaufanya mwili ushike chumvi na maji, na zinapunguza nguvu ya dawa nyingi za presha. Zaidi ya hapo, mtu anayemeza dawa ya presha ya aina ya enalaprili au losatani, pamoja na dawa ya kukojoza, akiongeza na diklofenaki juu yake, anaziweka figo zake kwenye hatari ya kweli, hasa akiwa mzee, au akiwa anaharisha, au amefunga bila maji. Wafamasia wanaujua mchanganyiko huo wa dawa tatu na wanauogopa. Mimi sikuujua. Nilidhani namtunza mama.

Kwa hiyo ukimnunulia mzazi dawa ya maumivu, sema kwa sauti pale dukani: "Ni ya mtu mwenye presha, anatumia dawa fulani na fulani." Sema hata kama nyuma yako kuna foleni. Sema hivyo hivyo kwa dawa za mafua, maana zile za kuzibua pua nyingi zina kiungo kinachobana mishipa, na kinaibana yote, si ya pua pekee. Panadoli ya kawaida mara nyingi ndiyo inayopendekezwa badala yake, kwa kiasi na si kila siku ya Mungu. Ile ya kuyeyusha kwenye maji iogope: ule mchemko unatokana na madini yenye sodiamu, na sodiamu ndiyo hiyo hiyo tunayoikimbia kwenye chumvi.

Hilo la sodiamu isiyo na ladha lilitushangaza jikoni. Mama alijivuna kwamba ameacha chumvi, na kweli kibakuli cha mezani kilishaondoka. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai, chumvi zote za siku nzima zikiwa humo. Sisi watu wa Pwani tumebahatika kwamba ugali wetu hautiwi chumvi. Lakini maharage ya mama yanatiwa magadi ili yaive haraka, kisamvu kinatiwa magadi kilainike, na magadi ni sodiamu kwa wingi, iwe imetoka Ziwa Natron au duka la Mangi. Ulimi hauyahesabu kwa sababu hayaonji kama chumvi. Maandazi ya asubuhi yana hamira ya unga, yaani baking powder, ambayo nayo ina sodiamu. Mchuzi una vile viungo vya pakiti na vidonge vya supu. Na katikati ya yote yuko ng'onda, samaki mkavu wa chumvi.

Ng'onda ni jambo zito kwetu. Wali wa nazi, mchicha, kipande cha ng'onda aliyechomwa: huwezi kumwambia mwanamke wa Tanga wa miaka sitini na mmoja kwamba hicho ni sumu, na mimi sikumwambia hivyo. Tulichofanya ni kumloweka usiku kucha, maji tukayamwaga mara mbili, na siku ya ng'onda hakuna chumvi nyingine inayoingia chunguni hata chembe. Amekuwa wa mara moja kwa mwezi badala ya kila Ijumaa. Magadi tuliyaacha kabisa. Maharage yanalowekwa tangu jana yake na yanaiva vizuri tu, ila mkaa unazidi kidogo. Ndimu, pilipili, bizari na kitunguu saumu vimeshika nafasi iliyobaki. Wiki mbili za kwanza alilalamika kwamba chakula ni cha wodini. Wiki ya sita alikula kwa jirani akarudi akisema mchuzi ulikuwa chumvi tupu.

Mdogo wangu aliyeko Oman, kwa nia njema, alimletea chumvi ya dukani iliyoandikwa kuwa ni salama kwa wenye presha. Nyingi ya chumvi hizo sehemu ya sodiamu imebadilishwa kwa potasiamu. Kwa watu wengi ni kitu kizuri kweli. Lakini baadhi ya dawa za presha, kama enalaprili, losatani na spironolaktoni, zinaufanya mwili ubakize potasiamu, na potasiamu ikizidi katika damu inavuruga mapigo ya moyo, hasa kwa mtu ambaye figo zake zimechoka. Ndiyo maana hata madafu, ambayo nyumbani kwetu ni dawa ya kila kitu, si ya kunywa matatu kwa siku kwa mgonjwa wa figo anayetumia dawa hizo. Muulize daktari wako kwanza. Dafu moja la siku ya joto kwa mtu mwenye figo nzima halinitishi.

Na tukiwa kwenye matunda, balungi. Mwaka 1989 watafiti wa Kanada walichapisha jambo waliloligundua kwa bahati: walikuwa wanachunguza dawa moja ya presha pamoja na pombe, wakatumia maji ya balungi kuficha ladha ya pombe, wakakuta kiwango cha dawa katika damu kimepanda kupita matarajio. Balungi linazuia kimeng'enya cha utumbo kinachoivunja dawa kabla haijaingia mwilini, na zuio hilo linaweza kudumu zaidi ya siku, kwa hiyo kula balungi asubuhi na dawa jioni hakusaidii. Nifedipini inaguswa. Amlodipini inaguswa kidogo sana. Machungwa ya kawaida hayana neno, mshukuru Mungu mkazi wa Muheza.

Mama alikuwa pia na dawa ya mkojo, ile ya kupunguza maji mwilini kwa ajili ya presha, kidonge kidogo cha asubuhi. Hicho alikiruka kila siku ya safari, na nani atamlaumu? Basi la Tanga kwenda Dar linasimama linapotaka lenyewe, na choo cha njiani si mahali pa mtu mwenye goti. Lakini alipofika kwangu aliendelea kuruka, kwa sababu Dar tunatoka kila siku, leo kwa shangazi, kesho Kariakoo. Wiki mbili za likizo zikawa wiki mbili bila dawa. Mimi nilidhani anameza, kwa sababu kila asubuhi alikuwa anaomba maji ya kunywa. Tulipomwambia daktari baadaye hakukasirika. Alimbadilishia tu saa ya kumeza siku za safari. Lilikuwa jambo la sentensi moja, ambalo kwa miaka mitatu hakuna aliyelisema kwa sababu kumwambia daktari kijana habari za mkojo kulionekana si heshima.

Kikohozi nacho kilipita hivyo hivyo. Miezi kadhaa ya mwanzo alipewa enalaprili, akaanza kukohoa kikohozi kikavu, cha usiku, kisicho na makohozi. Alinunua dawa ya maji, akanywa tangawizi na asali, akapimwa kifua kikuu. Kisha akaacha kidonge kimyakimya na kikohozi kikaisha, akamalizia kwa kusema dawa za presha zinaharibu mapafu. Haziharibu. Kundi hilo la dawa, ambalo asili yake ni utafiti wa sumu ya nyoka mmoja wa Brazili, na ambalo la kwanza lake, kaptoprili, lilikubaliwa Marekani mwaka 1981, linajulikana kabisa kwa kuwakohoza baadhi ya watu. Lipo kundi jirani, la akina losatani, ambalo mara nyingi halina kikohozi hicho. Hali kadhalika amlodipini inaweza kuvimbisha vifundo vya miguu. Ukikohoa, ukivimba, ukiishiwa nguvu za kiume, rudi useme. Hili la mwisho nalisema wazi kwa sababu najua wanaume wangapi wanaacha dawa kwa ajili yake bila kumwambia mtu, hata mke. Dawa za presha ni nyingi na zinabadilishika. Kuacha ghafla ndiko kunakoua, na baadhi yake, kama atenololi, ukizikata ghafla moyo unaweza kwenda mbio na presha ikaruka.

Kopo lile halikuwa la mama peke yake. Lilikuwa pia zahanati ya mtaa. Jirani akiishiwa, anapewa kumi. Mpangaji akisikia kizunguzungu, anapewa kimoja "kituliza", bila kupimwa, na pengine kizunguzungu chake kilikuwa cha presha ya kushuka. Kuna binti mmoja wa jirani, mimba ya miezi mitano, miguu imevimba na kichwa kinauma, ambaye nusura apewe enalaprili zilizobaki. Kundi la enalaprili na losatani halifai kabisa kwa mjamzito. Linaweza kuharibu figo za mtoto tumboni. Na dalili alizokuwa nazo yule binti zilitaka hospitali siku ile ile. Aliokolewa na mama mkwe aliyesisitiza waende. Mama yangu akikumbuka hilo huwa anafunika uso.

Sigara na pombe sitasema mengi kwa sababu hazikuwa zake, na anayezitumia ameshaambiwa. Mlonge, rosela na vitunguu saumu navyo sivipigi vita. Rosela inaelekea kushusha presha kidogo. Lakini nimemwona mtu anakunywa rosela badala ya dawa kwa sababu muuzaji alimwambia achague kimoja. Mwambie daktari unakunywa nini, basi.

Ramadhani nitaieleza, kwa kuwa ndipo mama alipoangukia. Ilikuwa kumi la pili. Kidonge chake cha asubuhi kilikuwa kimekosa mahali: daku alikuwa akiamka na usingizi, anakunywa chai na kurudi kulala, futari ilikuwa na uji, tambi, kachori, kaimati, na baada yake tarawehe. Hakupanga kuacha. Siku ziliungana tu. Na kwa sababu hakuhisi chochote, hakukuwa na kitu cha kumkumbusha. Siku ya kumi na nne, saa kumi na moja alfajiri, kikombe kilimponyoka mkononi na maneno yakatoka yamelegea. Jirani mmoja alisema ni upepo, asomewe. Kaka yangu alisema asomewe huku gari linakwenda. Hilo lilimwokoa. Daktari alituambia mshipa uliziba kisha ukafunguka, na kwamba safari nyingine hautafunguka.

Siku hizi, wiki tatu kabla ya mwezi, anakwenda kliniki na swali moja: dawa zangu nizimeze lini? Nyingi ni za mara moja kwa siku na zinapangika, moja ikakaa futari, ile ya mkojo ikaangaliwa ili asikauke mchana. Na mwaka ambao daktari atasema usifunge, atalipa fidia, na hilo tumeshalizungumza kama familia ili lisije kuwa vita.

Kopo sasa lina nyuzi na vifungo. Dawa zimekaa karibu na mswaki, kwenye kisanduku chenye vyumba saba, na pakiti yenye jina haitupwi mpaka iishe, maana rangi ya kidonge inabadilika kiwanda kikibadilika na "nipe vile vyeupe vidogo" si jina la dawa. Akisahau leo, kesho hamezi viwili. Usiku akiamka anakaa kwanza ukingoni mwa kitanda, miguu chini, anavuta pumzi kadhaa, ndipo anasimama, kwa sababu mwili unaotumia dawa hizi unaweza kuchelewa kupandisha damu kichwani.

Mashine ya kupimia tulimnunulia, na mwezi wa kwanza ilikuwa adhabu. Alijipima mara kumi kwa siku, kila namba inamtisha, hofu inaipandisha inayofuata. Tukaweka utaratibu: asubuhi kabla ya dawa na jioni, siku chache za wiki, mara mbili mbili, anaandika daftarini hata zile mbaya. Hasa zile mbaya. Anakaa dakika tano kwanza, mgongo umeegemea, miguu haikupishana, mkono wazi bila nguo juu ya meza, usawa wa moyo. Amekojoa. Hajanywa kahawa nusu saa iliyopita. Na haongei, maana maongezi peke yake yanaweza kuongeza kama alama kumi.

Mwezi uliopita kaka yangu alikuja kumsalimia. Ana miaka 38, anafanya biashara ya mbao, hajawahi kulazwa. Mama alikuwa amemaliza kujipima na mashine ilikuwa bado mezani, nikamwambia kaka naye apime. Akapima amesimama nusu, anacheka na watoto. 158 kwa 98.

"Mashine mbovu hiyo," alisema. "Mimi sisikii kitu."

Mama aliinuka, taratibu, akamvutia kiti. "Kaa," akamwambia. "Usiongee. Dakika tano."